Binti yangu amegomesha darasa kwa sababu ya kitabu

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja, nashona nguo kwenye kibanda kando ya barabara. Nina cherehani mbili, moja ya kukodisha. Likizo ya Aprili nilienda mjini kununua zipu na vifungo, na nikirudi stejini nikasimama kwa wale wauza vitabu wanaovipanga chini, wale wa inama. Nikaona kitabu cha watoto chenye picha ya mama Mweusi ameketi ndani ya basi, na nilipokifungua nikakuta ukurasa mwingine yuko kazini anashona. Hapo nikaisha. Nikakichukua pamoja na kingine chembamba cha Martin Luther King, yule mchungaji Mweusi wa Marekani aliyepigania haki bila fujo, shilingi 150 vyote viwili baada ya kuvutana.

Binti yangu ana miaka 10, yuko Gredi ya 4. Mdogo wake ana 6. Tukawa tunasoma usiku, mimi nikiwageuzia Kiingereza kile kwa Kiswahili. Kile cha mama wa basi, Rosa Parks, yule Mmarekani Mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti, tulikisoma hadi jalada likabanduka. Nilijisifu moyoni kwamba angalau wangu hawalali na simu.

Sasa sikia yaliyonipata. Shule yao ni ya binafsi, ndogo, ya mabati, si zile za umma ambako watoto wa Nairobi hula kwa shilingi 5. Chakula cha mchana hulipiwa kando kila Jumatatu. Ambaye hajalipiwa huketishwa kwenye benchi la ukutani hadi wengine wamalize, kisha kama kuna kilichosalia sufuriani wanakwanguliwa. Wangu nimemlipia. Lakini jirani yake wa dawati hukaa kwenye hilo benchi mara nyingi, na siku moja binti aliniambia, "Mama, yeye haangalii chakula. Anaangalia vijiko."

Jumanne ya wiki ya pili ya muhula, githeri ilipoletwa, watoto 22 wa darasa lao walifunika sahani juu ya meza wakakunja mikono. Mpishi alidhani ni mchezo, akacheka. Binti yangu akasimama akasema hawali mpaka benchi liondolewe. Kuna mvulana mmoja aliyekula, wakamwita msaliti, akalia kidogo, lakini wengine wote walishikilia hadi kengele.

Kesho yake nikaitwa. Nilimkuta mtoto amepigishwa magoti nje ya ofisi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mama, unamlisha mtoto siasa. Akirudia tena, tafuta shule nyingine." Nilisema samahani, nikanyanyua mtoto nikampangusa magoti, nikaondoka.

Nyumbani ndiko moto ulikowaka. Mdogo wa mume wangu, Juni 2024, alitoka kama vijana wenzake kupinga Mswada wa Fedha. Alikuwa na bendera na chupa ya maji. Alirudi usiku kifundo cha mguu kimepasuliwa na kopo la gesi ya machozi, na hadi leo kukiwa na baridi anachechemea. Tangu siku hiyo mume wangu hataki hayo mazungumzo ndani ya nyumba. Taarifa ya habari ikianza anabadilisha stesheni. Aliposikia ya shuleni akachukua vile vitabu akasema vitawasha jiko. Nilimbembeleza. Sasa viko juu ya kabati, chini ya sanduku, na mtoto ameambiwa vimepotea.

Kinachoninyima usingizi ni maswali ya huyu mtoto. Juzi nikisonga ugali akaniuliza, "Mama, kama Martin Luther King hakumpiga mtu, mbona walimuua?" Kabla sijapata neno akaongeza, "Na baba mdogo alikuwa na bendera na maji tu. Kwa hivyo kitabu kinadanganya?" Nikajifanya ugali unaungua.

Mwalimu, nilikosea kumsomea? Niviache huko juu hadi akomae? Na huyu baba yake nimwambieje?

Mama Wawili, Umoja

*

Mama Wawili, marahaba.

Nianzie mahali ulipopita mbio. Yule mvulana aliyekula umempa sentensi moja ukaendelea na safari yako. Mimi nimekaa naye siku mbili hizi. Nimefundisha shule za msingi za Eastlands miaka 31, na katika kila darasa nililowahi kushika walikuwamo watoto ambao sahani ya saa saba ndiyo ya kwanza na ndiyo ya mwisho. Binti yako alikunja mikono akijua jioni atapita kibandani umkatie chapati. Huenda mwenzake hakuwa ametia kitu tumboni tangu githeri ya Jumatatu. Akala, wakamcheka, akalia. Na wale wa benchi la ukutani, waliokuwa wanatetewa, wakatazama mtoto mwingine akiaibishwa kwa sababu ya chakula.

Kwa hivyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hukukosea kumsomea, ila mmesoma nusu. Vitabu vishushwe, msome tena, safari hii polepole.

Kitabu cha watoto kina kurasa chache na picha kubwa, lazima kikate kitu, na kitu cha kwanza kukatwa huwa ni kazi. Mama ameketi. Dereva anafoka. Polisi anakuja. Unageuza ukurasa, watu wanatembea kwa miguu. Unageuza tena, wameshinda. Mtoto anakifunga akiamini kuwa ushujaa humjia mtu ghafla kama kwikwi. Kumbe Rosa Parks hakuwa fundi cherehani aliyechoka miguu jioni moja. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kilichomchosha ni kukubali kila siku. Alikuwa na miaka 42. Alianza ukatibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, tawi la Montgomery, mji wa jimbo la Alabama, mwaka 1943, akipokea na kuandika visa vya watu walioonewa, na miezi michache kabla ya kukamatwa alikuwa amehudhuria mafunzo huko Tennessee ya namna ya kupigania haki hizo. Tarehe 1 Desemba 1955 dereva alipomwamuru asimame, ile "hapana" ilikuwa na miaka 12 ya makaratasi nyuma yake.

Halafu muulize binti yako: Weusi wa Montgomery walipogoma kupanda mabasi baada ya mama huyo kukamatwa, kazini walifika vipi?

Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo kuna utamu. Usiku baada ya Rosa Parks kukamatwa, mwalimu wa chuo aitwaye Jo Ann Robinson alikesha kwenye mashine ya kunakili akitoa makaratasi kwa makumi ya maelfu, kuwaomba Weusi wasipande basi Jumatatu. Mgomo uliokusudiwa kuwa wa siku moja ukaenda siku 381. Watu wengi walitembea, ndiyo, lakini pia kulikuwa na magari ya watu binafsi na ya makanisa, yapata 300, yenye vituo vya kuchukulia abiria na vya kushushia, na watu waliokaa mezani kupanga nani anabeba nani, saa ngapi, kutoka kona gani. Hebu fikiria kuendesha steji ya Umoja bila matatu hata moja, mwaka na zaidi, kwa magari ya majirani! Waliowaomba watu washuke kwenye basi walijitahidi pia kuwatafutia pa kupanda.

Yule mvulana aliombwa ashuke, gari hakuonyeshwa. Usimwambie binti yako hivyo. Mweleze habari ya magari kisha nyamaza uendelee kuosha vyombo. Ni mtoto aliyeona macho ya mwenzake yako kwenye vijiko, hatakosa kuunganisha. Nadhani kabla hujafikia sufuria atakuja mwenyewe na habari ya viazi vitamu, au ndizi, au mandazi ambayo wangebeba wagawane kwanza na wasio na kitu nyumbani.

Mwaka 1963, mwezi wa Aprili, King alikuwa jela huko Birmingham, Alabama, akawaandikia barua wachungaji waliomlaumu kwamba ana haraka na analeta vurugu. Katika barua hiyo ametaja hatua 4 za kampeni isiyo ya fujo: kukusanya ukweli ujue kama kweli kuna dhuluma, kuzungumza na mhusika, kujitakasa nafsi, kisha ndipo kuchukua hatua ya wazi. Nikilinganisha na kisa chako, hatua ya kwanza binti yako aliifanya vizuri kuliko wakaguzi wengi wa shule niliowaandalia chai. Kisha akaruka mbili za katikati akatua kwenye ya nne. Kabla ya Jumanne ile, kuna aliyekwenda kumwambia mwalimu wa darasa, "Mwalimu, lile benchi linatuumiza"? Barua yako haisemi.

Ya kuzungumza kwanza, mfano si lazima uvuke bahari. Mwaka 1989 serikali ya chama kimoja ilipotaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai hakuanza na bango. Alianza na kalamu. Aliandika barua moja baada ya nyingine, kwa ofisi ya rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa ubalozi wa Uingereza, akiuliza maswali ya mtu aliyefanya hesabu zake. Bungeni wakamkejeli kwamba ni mwanamke aliyeachika. Mwishowe wenye pesa wakajitoa, jumba likafa, na bustani ndiyo ile mtoto wako anaweza kukimbia ndani yake. Barua ni kitu ambacho mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kuandika. Insha wanafundishwa.

Na ile ya kujitakasa nafsi isikutishe kwa jina. Kule Nashville, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, mchungaji James Lawson aliwakusanya wanafunzi wa vyuo kwenye chumba cha kanisa, wakawa wanaigiza. Wengine waliketi kwenye viti kana kwamba wako kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu peke yao. Wenzao wakawasimamia mgongoni, wakawatukana, wakawapulizia moshi wa sigara usoni, wakawavuta viti hadi chini. Walirudia hadi mtu aweze kuyapokea yote bila ngumi kumponyoka. Februari 1960 walipokwenda kuketi kweli kwenye maduka ya mjini walikuwa na kanuni zilizochapwa kwenye karatasi: usilipize, usitukane, keti wima, kuwa na adabu kila wakati. Watu waliokubali kumwagiwa vyakula vichwani bila kujibu. Sasa mtoto aliyefundishwa kumpokea hata mchokozi namna hiyo, atamwitaje mwenzake msaliti kwa sababu ana njaa?

Mchezo huo uchezeni nyumbani. Wewe uwe mpishi mwenye kelele, mdogo wake awe yule asiyetaka kugoma. Mwache mdogo ale biskuti mbele ya dadake huku akimringia. Utaona kazi ilivyo ngumu, na mtacheka sana.

Sikatai kwamba binti yako amenifurahisha. Kufunika sahani ni wazo safi: hakuna kilichomwagwa, hakuna mpishi aliyetukanwa, na dai lilikuwa moja na dogo. Hata hilo la udogo lina historia. Mwanzoni watu wa Montgomery hawakudai mabasi yachanganywe. Walitaka madereva wawe na adabu, viti vijazwe kwa kufuatana na kufika, Weusi wakianzia nyuma na Wazungu mbele, na Weusi waajiriwe kuendesha njia zinazopita mitaa yao. Basi. Ni baada ya kukataliwa hayo madogo ndipo walipokwenda mahakamani kutaka yote. Na katika kesi hiyo, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Novemba 1956, mmoja wa wanawake 4 walioshtaki alikuwa Claudette Colvin. Huyu alikuwa na miaka 15 tu alipokataa kusimama ndani ya basi la mji huohuo wa Montgomery, miezi 9 kabla ya Rosa Parks. Wakubwa wakaona hafai kuwa sura ya mgomo, vitabu vingi vikamsahau. Binti yako atampenda. Wasichana wote niliowasimulia walimpenda kuliko Rosa, na walikasirika kwa niaba yake.

Sasa lile swali la ugali.

Kitabu hakikudanganya. Kilinyamaza, na wewe ukanyamaza pia, na mtoto amebaki kuwajibia nyote wawili. Mwambie hivi, kwa maneno yako: kutopiga hakumzuii mtu mwingine kukupiga. King alijua hivyo mapema. Januari 1956, mgomo ukiwa haujamaliza miezi miwili, nyumba yake ilitupiwa bomu mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Hawakuumia. Umati ukakusanyika nje, wengine na silaha mkononi, wakingoja neno moja tu. Alisimama kwenye veranda yenye vioo vilivyovunjika akawaomba warudi nyumbani. Alipouawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968 alikuwa na miaka 39, na kilichompeleka mji huo ni mgomo wa wazoa taka. Mtoto wa Nairobi anawajua wazoa taka. Mwambie hilo la mwisho, litambakia.

Kama atauliza, na atauliza, basi faida ni nini, msimulie ya karibu na nyumbani. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wazee walikuja Uhuru Park, kwenye ile kona ya barabara ya Kenyatta na Uhuru Highway, wakaketi chini wakafunga kula. Walitaka wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Wangari alikuwa nao. Mimi nilikuwa mwalimu mchanga, nilipita pale nikiwa ndani ya basi nikaona leso, mishumaa na thermos, nikainamisha kichwa kwa kuogopa kuonekana natazama. Siku chache baadaye wakavamiwa kwa rungu na gesi, Wangari akapigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale kina mama wakavua nguo zao mbele ya askari. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Mwanamume aliyezaliwa anajua analaaniwa. Wakahamia kanisa la All Saints, hatua chache kutoka pale, wakakaa karibu mwaka mzima. Kufikia mwanzoni mwa 1993 wana wao karibu wote walikuwa wameachiliwa. Walioshika rungu wakatazamwa na nchi nzima, na aliyepigwa mwaka ule ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ile kona tunaiita Freedom Corner mpaka leo. Kuhusu kuvuliwa nguo, amua mwenyewe kama miaka 10 inatosha. Mimi ningemwambia.

Nije kwa baba watoto.

Usimwite mwoga, hata kimoyomoyo. Novemba 1960 huko New Orleans msichana wa miaka 6, Ruby Bridges, aliingizwa shule ya Wazungu akisindikizwa na maafisa 4 wa serikali kuu huku watu wazima wakimzomea barabarani. Picha yake ya ribboni na soksi nyeupe imo katika nusu ya vitabu vya aina hii. Kisichochorwa ni mazungumzo ya chumbani. Mamake alitaka aende, babake hakutaka. Alihofia yatakayompata mtoto na nyumba yake, na hakukosea: alifutwa kazi kwenye kituo cha petroli alikokuwa. Na 1963 King na wenzake walipokubali wanafunzi wa Birmingham waandamane, watoto wakakutana na mbwa na mabomba ya maji, walikuwapo Weusi wenzao waliowashutumu vikali, Malcolm X akiwemo, kwamba mwanamume wa kweli haweki mtoto mbele ya risasi. Ubishi uliomo chumbani kwenu umewahi kubishaniwa na watu wakubwa, na hakuna upande uliokuwa wa wajinga.

Ningekushauri usibishane naye kuhusu vitabu hata kidogo. Mwite shemeji yako Jumapili, pika vizuri, umwombe amsimulie mtoto mwenyewe, baba akiwa amekaa hapohapo. Alienda kwa nini, alibeba nini, aliogopa wakati gani, nani alimbeba mguu ulipopasuka, angefanya nini tofauti. Nashuku mume wako naye hajawahi kuyasikia yote. Tunaobadilisha stesheni huwa tunaogopa kusikia mwisho. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani na bila silaha. Bendera na maji. Mtoto asikie kwamba baba mdogo alikuwa upande wa sheria, na asikie pia kwamba aliumia. Asichague moja. Kisha baba aruhusiwe kuweka masharti yake: kwamba hadi awe mtu mzima, jambo lolote la aina hii analeta kwanza nyumbani kabla ya kulipeleka darasani. Hiyo ni sheria nzuri na ningeitia sahihi.

Shuleni, rudi. Ulisema samahani bila kusema ya nini, sasa kaiweke mahali pake. Nenda na binti, amwombe radhi yule mvulana, ana kwa ana, mbali na wenzake. Kisha tafuta kwenye lile kundi la wazazi la WhatsApp wawili watatu wenye akili tulivu, mwende kwa mwalimu mkuu na hesabu mkononi: ni watoto wangapi kwa wiki, ni shilingi ngapi. Namwelewa huyo mwalimu kidogo. Maharagwe yanadaiwa dukani, na mwenye duka hapokei ushujaa. Huenda hawezi kuwalisha bure. Lakini benchi anaweza kulitoa kesho bila senti. Hao watoto wakae darasani, au waingie maktaba kama ipo, popote pasipo mbele ya vijiko. Anzeni na hilo peke yake. Na magoti mkayataje pia, kwa heshima: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumdhalilisha mwanafunzi, mwilini au moyoni. Nami mikono yangu si safi. Nimepigisha watoto magoti, miaka yangu ya kwanza, na nilikuwa naamini ninafundisha.

Akikujia tena na neno "siasa," mwambie kwa upole kwamba kitabu chenyewe kina picha. Ingawa, ukweli usemwe, hajakosea kuogopa vitabu vya picha. Mwaka 1957, King akiwa bado kijana, kilichapishwa Marekani kijitabu cha katuni kuhusu mgomo wa Montgomery, kurasa 16, bei senti 10, na kurasa za mwisho zinaeleza hatua kwa hatua namna ya kufanya mambo hayo bila fujo. Kilipitishwa mkono kwa mkono makanisani na vyuoni. Miaka 50 baadaye kikatafsiriwa Kiarabu kikasomwa Misri. Mmoja wa waliokisoma ujanani ni John Lewis, aliyekuwa miongoni mwa wale wanafunzi wa Nashville, baadaye mbunge kwa zaidi ya miaka 30, na uzeeni akaamua kusimulia maisha yake kwa katuni vilevile. Ukivikuta vitabu vyake kwa inama, vichukue, ila vingoje afike miaka 12 au 13, mna damu.

Huyo Lewis alipokuwa mvulana alikwenda maktaba ya mji wao kuomba kadi, akaambiwa maktaba ni ya Wazungu. Jumamosi moja mpeleke binti mjini, barabara ya Banda, kando ya Msikiti wa Jamia, msimame kwenye ngazi za maktaba ya McMillan kati ya wale simba wawili wa mawe. Ilifunguliwa 1931 na hadi ukoloni ulipokaribia kuisha, mtoto wa rangi yake hakuruhusiwa kuvuka ule mlango. Usihubiri. Mwache apande ngazi.

Vile vitabu vitoe leo, kabla hajalala, na usihangaike kutunga hadithi ya namna vilivyopatikana. Mtoto wa miaka 10 anajua kila kilicho juu ya kabati. Nina hakika ameshapanda kiti akavisoma, na anangoja tu aone utamwambia lini.